Vikeki vya Boga Vilivyotiwa Bizari

"Mwaka huu usilete boga," mama aliniambia kwa simu.

Nilikuwa soko la mboga la Nizwa, mji ninaofanyia kazi siku hizi, asubuhi ya Alkhamisi, na boga lenyewe nimeshalikumbatia. Muuzaji, mtu wa Bahla, alikuwa ameshafungua mkono anasubiri nilipe.

"Kwa nini, mama?"

"Basi tu. Oveni mbovu."

"Imeharibika lini?"

"Imeharibika. Na lile bati nimemgaia mtu." Akaniuliza kama nimekula, akakata simu kabla sijajibu.

Mama yangu hajui kusema uwongo. Anapojaribu, maneno yake huwa mafupi mafupi, kama mtu anayekatakata bamia. Nililipa, nikaliweka boga kwenye kiti cha mbele cha gari, nikalifunga mkanda lisije likabiringika, nikashika njia ya Sinaw kwenda Ibra.

Nimezaliwa Ibra, lakini kukaa Ibra sijakaa. Wazee wangu walitoka Unguja mjini miaka ya sabini, mama akiwa mwari aliyeolewa juzi juzi, na mimi nilizaliwa huku, nikasomeshwa kwa Kiarabu, nikagombezwa kwa Kiswahili. Nilipomaliza sekondari nikatoka. Tangu hapo sijatulia pahala pamoja zaidi ya miaka mitatu. Nimefanya kazi Maskati na Abu Dhabi. Nimelinda ghala la samaki Sur. Nimeendesha wageni kwenye mchanga wa Al Mintirib mpaka mgongo ukaniuma. Nilikaa Dar es Salaam mwaka na nusu, na Unguja miezi minane nikiitafuta nyumba ambayo mama alinihadithia mlango wake tangu nikiwa mdogo, misumari yake ya shaba na kizingiti chake kirefu. Nyumba niliiona. Mlango ulikuwa umebadilishwa, wametia wa chuma. Sikumwambia. Nikiwa huku hutamani kule, nikiwa kule hutamani huku, na mama husema mimi sikuzaliwa kama watoto wengine, nilizaliwa na viatu miguuni.

Boga ndilo lililonirudisha karibu kila mwaka. Idi nimezikosa, harusi nimezikosa, hata siku ya maziko ya mjomba nilifika watu wameshatoka makaburini. Lakini boga la mwezi wa kumi nilikuwa naleta mwenyewe, au nikishindwa kabisa nalituma.

Kosa la kulianzisha ni langu. Miaka zaidi ya kumi na tano nyuma nilimletea mama kutoka Abu Dhabi bati la kuokea lenye matundu kumi na mawili. Ndani yake mlikuwa na karatasi yenye picha ya mafini za boga, yaani vikeki vidogo, na maelekezo kwa Kiingereza. Nilimfasiria. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Boga ni futari," alisema. "Boga linapikwa kwa nazi, tunalila Ramadhani. Hawa wamekosa kitu gani cha kutia kwenye keki hata wakamwonea boga?"

Lakini bati jipya halikumwacha alale. Wiki ile ile akajaribu, na akabadilisha kila kitu. Siagi ikawa samli. Maziwa yakawa tui zito. Nusu ya sukari ikawa asali ya tende. Na pale karatasi iliposema mdalasini kijiko kimoja, yeye akatia viungo vyake mwenyewe, anavyovisaga mara moja kwa mwaka: iliki nyingi, mdalasini, kungumanga, tangawizi kavu na karafuu za kuhesabu. Akaviita vikeki vya boga, na neno mafini halikusikika tena nyumbani kwetu.

Unguja mwezi kama ule ni vuli, mvua ndogo. Ibra hakuna mvua ya kungojea. Kuna siku moja tu, siku ya kuzima kiyoyozi. Miezi mitano madirisha yanakuwa yamefungwa na mashine zinavuma, jirani humsikii hata akikohoa. Halafu kunakucha asubuhi moja hewa ina ubaridi kidogo pembeni, kama maji ya mtungi. Siku hiyo mama huzima kiyoyozi, hufungua dirisha la jikoni linalotazama kichochoroni, na siku hiyo hiyo huoka. Harufu ikishatoka dirishani haina haja ya mjumbe. Nyumba saba zinajua kwamba joto limekwisha na kwamba sahani zinakuja, vikeki vinne kila sahani. Na sahani hairudi tupu. Hiyo ilikuwa kanuni ya Unguja na ilikuwa kanuni ya Ibra pia, hapakuhitajika mtu kumfundisha mwenzake. Itarudi na tende, na ndimu, na halwa, hata na mayai mawili kama nyumba haina kitu kingine.

Kwa hivyo aliposema nisilete boga, nilijua pana jambo.

Nilimkuta amekaa sebuleni, kiyoyozi kinavuma ingawa nje hewa ilikuwa nzuri kuliko ndani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba." Akaliona boga kwapani kwangu. "Nimekwambia nini?"

"Nimelikuta njiani linaomba lifti."

Hakucheka. Nikapita mpaka jikoni, nikazungusha kitufe cha oveni. Ikawaka. Nikainama nyuma ya gunia la mchele, ambako mama huficha kila kitu tangu mimi ni mdogo, nikatoa bati la matundu kumi na mawili.

"Mtu uliyemgaia kalirudisha?" nikamwuliza.

Alikuja akasimama mlangoni, kashika upindo wa mtandio wake. Akaniambia bila kunitazama.

"Sisikii harufu."

"Harufu ya nini?"

"Ya kitu chochote. Udi, samaki, gesi. Sisikii."

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

Ile homa ni ile iliyotufungia sote majumbani. Yeye ilimpata wiki mbili, akapona, tukashukuru. "Mama, ile homa ni miaka minne sasa."

"Ndiyo nakwambia."

Nikavuta kiti akakaa, na hadithi ikatoka kidogo kidogo. Alidhani harufu itarudi. Mwaka wa kwanza baada ya homa hakuoka, na wa pili hakuoka, kwa sababu watu walikuwa bado wanaogopana, na sahani zilikuwa hazitembei tena. Mwaka uliopita akasema hapana, desturi isife. Mimi nilikuwa Sur, boga nikalituma kwa dereva wa teksi. Akaoka peke yake, akapeleka sahani saba. Zote zikarudi zimejaa. Wote wakasema mashallah, mkono wako haujabadilika. Mimi nilimpigia simu nikamwuliza, vimetoka? Akasema vimetoka. Nikaridhika.

Wiki moja kabla ya siku ile niliyokuja, alikuwa kwenye kahawa ya asubuhi kwa jirani yetu wa ukuta mmoja. Huyo jirani wazee wake pia walitoka Unguja, na mimi humwita mama mdogo ingawa hatuna damu moja. Wanawake watano wapo, majamvi yametandikwa, kahawa inazunguka. Mama mdogo akamgeukia mama akamwambia, mbele za watu, "Haya shoga, siku ya vikeki inakuja. Mwaka huu usitutilie tena bizari ya nyama." Wote wakacheka.

Mama naye alicheka. Akamaliza kikombe, akatikisa kuonyesha kashatosheka, akarudi nyumbani, akachukua chupa mbili zilizokuwa kabatini akazisimamisha mezani.

Ni chupa mbili zilizokuwa za kahawa ya unga, sawa sawa, alizozitunza miaka. Moja ya viungo vya keki. Moja ya bizari anayosaga kila Idi kubwa kwa ajili ya nyama: jira, giligilani, pilipili manga, mdalasini kidogo, karafuu. Rangi moja, hudhurungi. Hakuwahi kuziandika kitu, maana alikuwa akifungua kifuniko tu anajua. Alizitazama chupa mbili zile, akazinusa moja baada ya moja, na hazikumwambia kitu.

"Lakini ulionja," nikasema.

"Nilionja. Kwangu mimi siku hizi chakula ni chumvi, sukari na moto. Nikasikia utamu, nikasikia moto kwa mbali, nikasema alhamdulillahi, tangawizi imekolea." Akaukunja upindo wa mtandio. "Nyumba saba, baba. Mwaka mzima napita mbele za watu nimeinua shingo kama bibi harusi, kumbe wananicheka."

"Hawakukucheka."

"Wewe ulikuwepo?"

Sikuwepo. Ningekuwepo ningekula cha kwanza kikitoka motoni, kama nilivyofanya tangu mwanzo, na jambo lote lingekwishia pale jikoni.

"Mtu asiyejua anachokitoa jikoni mwake," alisema, "asimpelekee mtu kitu. Mimi nimemaliza. Khalas. Hilo boga wape mbuzi."

Nilijua anamaanisha. Mama yangu hana gumzo la simu, hana televisheni anayoipenda. Anachokijua mtaani ni kupeleka na kupokea. Akiacha sahani, ataacha na kahawa ya asubuhi, na tayari wiki nzima alikuwa hajaenda. Mjane wa miaka sabini na kitu, mwanawe msafiri, kiyoyozi kinavuma. Niliona mbele yangu jinsi nyumba ile itakavyokuwa.

Sikumbembeleza, maana habembelezeki. Nilichukua kisu nikaanza kulikata boga.

Nilikata vibaya makusudi kidogo, na kidogo kwa kutojua. Alivumilia dakika mbili.

"Hilo boga unalikata au unaligombeza?"

"Nalikata."

"Utajikata wewe. Lipasue katikati, toa mbegu kwa kijiko. Usilichemshe! Litakunywa maji, keki iwe uji. Litie kwenye mvuke na ganda lake."

Alisema hayo akiwa amekaa, mikono ameikunja mapajani, kama mgeni. Nikafanya alivyosema. Boga likaiva, nikalikwangua, nikaliponda, akaniambia nilitie kwenye kitambaa nilikamue. Tukafika kwenye viungo.

Vile vya mwaka uliopita nilivimwaga vyote. Akanitolea makopo ya viungo vizima, nikaanza kuvifungua.

"Huo unanukia nini?" akaniuliza.

"Mdalasini."

"Najua ni mdalasini, macho ninayo, namshukuru Mungu. Nakuuliza unanukia vipi."

Nilinusa tena. Sikuwahi kuulizwa swali kama lile. "Kama… kama kanga zilizokaa sandukuni."

"Lile sanduku lilikuwa na udi."

"Basi sanduku bila udi. Linanukia mbao."

"Huo mkongwe. Tupa. Upo mwingine kule nyuma."

Huo wa nyuma ulinichoma puani kwanza, halafu ukawa mtamu. Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa. "Huo ndio. Vunja vijiti viwili."

Kungumanga nikaikwaruza nikasema inanukia kama shoka lililopasua kuni mbichi, akasema sawa, lakini iwe nusu, kungumanga ina kiburi. Karafuu nikasema inanukia daktari wa meno. Hapo alitabasamu, mara ya kwanza siku ile. "Tano tu," akasema.

Kisha iliki. Nilipasua ganda moja kwa ukucha nikaliinua puani, na sikuhitaji kutafuta maneno.

"Asubuhi ya Idi," nikasema. "Chai iko jikoni. Marehemu baba yuko ukumbini anafukiza kanzu yake kwa buhuri, na anaimba vibaya."

Mama alikuwa anaangalia ganda lile mkononi mwangu.

"Zidisha," alisema.

Nikasaga. Aliinuka kwenye kiti bila mimi kumwita, akatia samli kwenye bakuli, akakoroga, akavunja mayai kwa mkono mmoja kama alivyokuwa akifanya siku zote. Mimi nikawa nalainisha matundu ya bati. Jikoni palikuwa moto kama tanuri la udongo, maana mlango umefungwa na dirisha limefungwa.

"Nifungue dirisha?" nikauliza.

"Usifungue."

"Tutaiva sisi kabla ya vikeki."

"Nimekwambia usifungue. Harufu ikitoka itabidi nipeleke. Hivi tutakula wenyewe, wewe utabeba vingine Nizwa."

Vikeki thelathini na sita, watu wawili. Lakini nilielewa kwamba boga, viungo na oveni vyote vilikuwa bado si kitu. Jambo lilikuwa kwenye lile dirisha.

Bati la kwanza lilipokaa motoni kama dakika ishirini, nilitafuta kijiti cha kuchomea. Mama akanizuia. Alitoa bati kwa kitambaa, akaliweka mezani, akainamisha kichwa, akaweka sikio karibu na vikeki kama mtu anayesikiliza mlango.

"Bado," akasema, akavirudisha.

"Umejuaje?"

"Vinasema. Keki ambayo haijaiva inasema. Njoo."

Zamu ya pili niliinama naye, vichwa vyetu vimegusana. Nikasikia sauti ndogo, kama povu la soda linavyozimika kwenye gilasi.

"Hiyo ndiyo. Ikinyamaza kabisa, imekauka. Unaitoa pale inaponong'ona ya mwisho."

Alinieleza kwamba shangazi yake alimfundisha hivyo Unguja, walipokuwa wakioka kwa makaa, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Huwezi kukifunua kifuniko kila saa, keki itabonyea. Kwa hivyo ulikuwa ukiinama na kusikiliza. Mimi nimekula mikate yake miaka arubaini na kitu, na siku zote nilidhani anajua kwa pua.

Vikeki vya kwanza vilipotoka nilimega kimoja. Sitavisifu, kila mtu husifu chakula cha mamake. Nitasema tu kwamba nilisimama pale na kikeki mkononi na kwa mara hiyo moja sikutamani kuwa mahali pengine.

"Vipi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ndivyo vyenyewe, mama. Ndivyo vile vile."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Hapo ndipo tuliposikia hodi. Mama mdogo hakungoja kukaribishwa, alikuwa ameshafika sebuleni.

"Hodi! Mbona mmejifungia kama wana wa mfalme? Nimeona gari la msafiri, nikasema leo Ibra itanyesha." Akatokea mlangoni mwa jikoni, mnene, buibui begani, jasho likamtoka pale pale. "Ee! Jehanamu hii!"

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Hujaoa bado?"

"Nimeoa, nimeacha, unajua."

"Basi oa tena, uache kumsumbua mamako jikoni." Kisha akaviona vikeki. Akamtazama mama. Mama alikuwa amegeuka anafuta meza iliyokuwa safi.

"Wiki nzima hukuja kahawa," mama mdogo akasema.

"Nilikuwa na shughuli."

"Shughuli gani?"

Mama aliacha kufuta. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Tukwambie nini?"

"Mwaka jana. Vile vikeki."

Mama mdogo akavuta kiti, akakaa kwa uzito wake wote. "Ulikuwa hujui?" Akamtazama mama usoni. "Shoga, ulikuwa hujui? Mimi nilidhani umeshajua, ndiyo maana nikakutania. Mungu anisamehe ulimi wangu."

"Niambie tu. Mlicheka?"

"Tulicheka. Nitakudanganya? Tulicheka tukashika mbavu. Mimi nilimega cha kwanza nikasema, hiki kina nyama ndani. Nikamega cha pili naitafuta hiyo nyama. Bwana akaniuliza, leo jirani kaleta sambusa za namna gani? Akavila na mchuzi wa papa, akauliza kama vimebaki."

Mimi niliuma midomo nisicheke. Mama alikuwa bado amesimama.

"Na ungeniambia siku ile ile, ningekuja kuvichukua," akasema.

"Nirudishe!" Mama mdogo akapiga paja. "Miaka mitatu sijapokea sahani ya mtu. Unakumbuka tulivyokuwa? Mtu akikuona anavuka njia. Nilikuwa nimeshazoea, nikasema ndivyo dunia ilivyo sasa, kila mtu na jungu lake. Siku ile nikasikia mlango, nikakuta sahani yako imefunikwa kitambaa. Nililia pale mlangoni, hujui wewe. Ungetia na mchanga ningekula. Nikajaza ndimu nikarudisha, na kesho yake nikasema, kumbe sahani zinatembea, nikapika vitumbua nikapeleka mbele. Mtaa mzima ukaanza tena. Sasa umwambie aliyeanzisha kwamba ametia bizari? Nani angethubutu?"

Oveni ilikuwa inapiga tik, tik.

"Sisikii harufu," mama akasema.

Alisema kwa sauti ile ile aliyonambia mimi, lakini mara hii alimtazama mwenzake.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Tangu homa."

Mama mdogo hakusema pole. Aliutazama ukuta, halafu akasema, "Mimi jicho langu la kushoto halioni. Mwaka wa pili huu. Sijamwambia mtu, wataninyima nguo za kushona."

"Ndiyo maana lile gauni la mjukuu wako lilikwenda upande."

"Ndiyo maana."

Mama akaanza kucheka, kwanza kwa mabega, halafu mtandio ukamwanguka. Mama mdogo akamfuata. Nami nikakaa chini sakafuni na kikeki changu kilichomegwa, nawatazama wanawake wawili wakilia na kucheka kwa pamoja kwenye joto lile, na sijui kama nimewahi kuona kitu kizuri zaidi ya kile katika nchi zote nilizozunguka.

"Basi mimi nitakunusia," mama mdogo akasema akijifuta. "Na wewe utanitungia uzi kwenye sindano. Huyu msafiri wako hatumtegemei, huyu kesho utamsikia yuko Uchina."

"Nipo Nizwa tu, mama mdogo."

"Leo."

Mama akajifunga mtandio vizuri. Akalitazama bati, ambalo nilikuwa nimeshalijaza kwa mara ya pili, akatoka mpaka ukuta wa sebuleni, akazima kiyoyozi, akarudi. Nyumba ikanyamaza ghafla.

"Fungua dirisha," akaniambia.

Nilifungua. Komeo lilikuwa limeshika kutu kwa miezi mitano, nikalipiga kwa ngumi. Hewa ikaingia na harufu ikatoka, nikaiona kwa macho kabisa jinsi pazia lilivyovutwa nje. Haukupita muda tukasikia mwanamke kichochoroni akisema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kutaka asikiwe, kwamba alhamdulillahi, baridi imefika.

Sahani nilizipeleka mimi, mwanaume wa miaka arubaini na kitu, moja moja, zimefunikwa kitambaa. Milango saba. Kwenye mlango wa tatu mzee mmoja alipokea akaniuliza kwa heshima kubwa kama mwaka huu ni vitamu au ni vya nyama, maana yeye vya nyama alivipenda. Nilipokuwa narudi niliwaza habari ya nyumba hizi. Nyumba saba zilikula kitu kile mwaka uliopita, zikajua, na hata moja haikumwumbua. Kwenye safari zangu nimehifadhiwa na watu wengi nisiowajua, lakini sikujua kwamba muda wote huo mama yangu naye alikuwa akihifadhiwa hapa, na mimi nilikuwa nadaiwa shukrani na milango ambayo nilikuwa napita mbele yake kwa gari tu.

Siku mbili zile sahani zikaanza kurudi. Tende za aina ya khalasi. Machungwa. Bakuli la halwa ambayo bado ni vuguvugu. Ya mama mdogo ilirudi ya mwisho, Jumamosi asubuhi, wakati mimi nafunga mzigo wa kurudi kazini. Ilikuwa imefunikwa kitambaa kilichotiwa taraza, mshono wa urembo pindoni, na taraza yenyewe imekwenda upande. Mama akakifunua. Palikuwa na chupa moja ya kahawa ya unga, imejaa bizari ya nyama.

Alicheka mpaka akashika meza. Halafu, kwa mazoea, akafungua kifuniko akaiinua puani. Akasimama hivyo kidogo. Akanipa.

"Nzuri?"

Nikanusa. "Nzuri."

"Ya mwaka huu?"

"Ya mwaka huu. Jira imekaangwa vizuri, inanukia jua."

"Haya." Akaichukua, akakata kipande cha uzi mwekundu, akaifunga shingoni mafundo mawili. "Iweke kabati lile jingine," akaniambia. "Mbali."